Miradi tunaihesabu, watu hatuwahesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie sharti moja ambalo limekuwa la kawaida mno katika matangazo ya kazi yanayochapishwa na gazeti lako na mengine ya hapa nchini. Karibu kila kampuni inayotafuta meneja wa TEHAMA, msimamizi wa miradi au ofisa rasilimali watu humtaka mwombaji awe na uwezo wa kusimamia miradi kadhaa kwa wakati mmoja na kufanya kazi chini ya shinikizo. Sharti hilo huandikwa kana kwamba ni sifa ya mtu, ilhali kwa sehemu kubwa linaeleza hali ya ofisi yenyewe: kazi zimeanzishwa nyingi kuliko watu waliopo, na atakayeajiriwa ndiye atakayetafuta namna ya kuzimudu. Nimesimamia miradi ya aina hiyo katika makampuni ya Dar es Salaam kwa muda wa kutosha, na ninachotaka kukisema ni kwamba meneja, hata awe hodari kiasi gani, haongezi saa za wale wafanyakazi wachache ambao kila mradi unawategemea, na kwamba wajibu wa kuwahesabu watu hao ni wa bodi na mkurugenzi mtendaji.

Ninakubali kwamba si kila mradi huanzishwa kwa hiari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kampuni yoyote inayotunza taarifa za wateja au waajiriwa ililazimika kupitia upya mifumo yake. Mwaka huohuo mfumo wa kielektroniki wa NeST ulichukua nafasi ya ule wa TANePS katika ununuzi wa umma, na wazabuni wa serikali wakahamia huko. Makampuni yenye matawi Kenya yalitakiwa kujiunga na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, kwa kuwa kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo huo ilikuwa hatarini kukataliwa wakati wa kukokotoa kodi. Juu ya hayo yote kampuni huwa na mipango yake yenyewe: mfumo mpya wa uhasibu, mtandao wa matawi, kuhamisha seva, mfumo wa rasilimali watu na, mara nyingi mno, kupanga upya muundo wa taasisi, jina la heshima linalotumika pale wafanyakazi wanapopunguzwa.

Kalenda nayo huzidisha mambo. Wahasibu hupenda mfumo mpya uanze siku ya kwanza ya mwaka wa fedha ili salio la kufungulia liwe safi, na hoja yao ni ya haki kabisa. Matokeo yake ni kwamba mhasibu anayefunga hesabu za mwaka, anayewaandalia wakaguzi vielelezo na anayehakiki madeni, ndiye huyohuyo anayeitwa kwenye chumba cha mafunzo wiki hiyohiyo ili auhakiki mfumo mpya na kutia saini kwamba unafanya kazi. Saini hizo hutiwa. Ni mara chache sana nimemwona mtu akipewa muda wa kusoma alichokuwa akikitilia saini.

Tufanye hesabu ndogo, Mhariri, kwa mfano wa kubuni ambao yeyote aliyewahi kukaa katika vikao vya miradi ataona haujatiwa chumvi. Mradi wa uhasibu umeomba asilimia 40 ya muda wa mtaalamu wa hifadhidata, mradi wa rasilimali watu asilimia 30, mradi wa kuhamisha seva asilimia 30 nyingine, na ule wa taarifa binafsi asilimia 20. Jumla ni asilimia 120, na hapo hatujagusa kazi aliyoajiriwa kuifanya kila siku, ambayo peke yake inakula asilimia 60. Anadaiwa asilimia 180. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na asilimia 180 ya saa 45 ni saa 81. Sheria hiyohiyo hairuhusu saa za ziada zizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, yaani wastani wa saa 12 na nusu kwa wiki, na inataka zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hata akitumikishwa hadi ukingo wa sheria atafikisha saa 57 na nusu. Saa zaidi ya 23 za kila wiki zimo katika mipango kazi minne, zimepitishwa na kamati nne, lakini hakuna binadamu wa kuzifanya.

Najua baadhi ya waajiri hukwepa ukomo huo kwa kumpa mtu cheo cha umeneja, kwa kuwa masharti mengi ya saa za kazi hayawahusu wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Cheo hicho hakimwondolei mtu haja ya kulala.

Jambo la kushangaza ni kwamba hesabu hiyo haifanywi popote. Kila mradi una kiongozi wake, bajeti yake na mpango kazi wake, na kila mpango ukisomwa peke yake unaonekana una akili. Wakurugenzi wanajua wana miradi mingapi na kila mmoja umetumia shilingi ngapi. Waulize mhasibu wa mishahara yumo katika miradi mingapi kati ya hiyo, watatazamana. Na watu wa aina hiyo katika kampuni ya wastani hawazidi wachache: anayeijua hifadhidata, anayejua kwa nini posho ya kundi fulani hukokotolewa tofauti, anayekumbuka nyaya za tawi la Mwanza zilipita wapi, ofisa ununuzi anayejua mkataba wa kila mkandarasi unaisha lini. Ujuzi wao haumo katika faili lolote. Waandishi wa programu unaweza kuwakodi; huyu aliyejifunza mambo ya kampuni kwa miaka kumi na mitano hakodiwi kokote.

Wapo watakaosema kwamba kuanza mapema ndiko kumaliza mapema, hivyo afadhali miradi yote ifunguliwe hata kama itakwenda polepole. Hisabati inawakatalia. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo leo inafundishwa popote panapofundishwa uendeshaji wa viwanda: wastani wa muda ambao kazi hukaa mezani ni sawa na idadi ya kazi zilizo mezani ukigawanya kwa kasi ya kuzimaliza. Idara inayoweza kukamilisha miradi minne kwa mwaka, ikiwa na kumi na miwili iliyo wazi, itachukua wastani wa miaka mitatu kwa kila mradi. Ikiwa na minne, mwaka mmoja. Kasi ya idara ni ileile katika hali zote mbili. Kwa kweli kanuni hiyo inawapendelea wapenda miradi mingi, kwa sababu haihesabu muda unaopotea mtu anapoacha kazi hii na kurudi kwenye ile, akijaribu kukumbuka aliishia wapi.

Hadi hapa nimezungumzia miradi ya mifumo. Hali huwa mbaya zaidi pale mradi wa mfumo unapoendeshwa sambamba na mradi wa watu, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Katika kampuni moja ambayo sitaitaja, mfumo mpya wa mishahara ulikuwa unajengwa ghorofa moja, na ghorofa nyingine kamati ya kupunguza wafanyakazi ilikuwa inaandaa orodha yake kwa siri, kama kamati hizo zinavyofanya. Ofisa aliyekuwa akijua mikataba ya zamani na makato yake yote alikuwa ametajwa katika mpango wa mfumo kuwa mhakiki mkuu wa majaribio, na alikuwa ametajwa pia katika orodha ya wanaoondoka. Kamati hizo mbili ziliripoti kwa wakurugenzi wawili tofauti. Aliondoka na kiinua mgongo chake kabla majaribio hayajaanza, na kwa miezi kadhaa baadaye kampuni ilikuwa inampigia simu nyumbani, naye, kwa uungwana ambao hakulipwa, alikuwa anajibu.

Mtu asidhani kwamba hayo ni matatizo ya kwetu tu. Mfano ulioandikwa kwa ukamilifu kuliko mingine ninayoijua unatoka Kanada, na naomba uvumilivu wa wasomaji niueleze kidogo. Mwaka 2009 serikali ya shirikisho ya nchi hiyo iliamua kufanya mambo mawili kwa pamoja: kubadili mfumo wa mishahara uliokuwa na umri wa takriban miaka 40, na kuwaondoa wataalamu wa mishahara waliotawanyika katika idara mbalimbali ili kazi hiyo ifanyike katika kituo kimoja kwenye mji mdogo wa Miramichi, jimbo la New Brunswick. Bajeti ya yote mawili ilikuwa dola za Kanada milioni 310, na viongozi walitarajia kuokoa takriban milioni 70 kila mwaka. IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ilipewa mkataba mwaka 2011 wa kujenga mfumo huo, ulioitwa Phoenix, kwa kutumia programu ya PeopleSoft.

Mwaka 2012 IBM ilieleza kwamba kazi ya mfumo ingegharimu dola milioni 274, wakati zilizoidhinishwa kwa sehemu hiyo zilikuwa milioni 155. Badala ya kurudi kuomba fedha au muda, wasimamizi waliondoa au kuahirisha zaidi ya kazi 100 kati ya 984 ambazo mfumo ulikusudiwa kuzifanya, ikiwamo ya kukokotoa malimbikizo, na mwaka 2015 wakafuta jaribio lililopangwa kufanyika katika idara moja kabla ya nyingine kujiunga. Upande wa pili, ule wa watu, ulikuwa unakwenda kama ulivyopangwa: nafasi za wataalamu wapatao 1,200 zilifutwa, na Miramichi wakawekwa wataalamu 460 na wasaidizi 90, wengi wao wageni katika kazi hiyo. Phoenix iliwashwa tarehe 24 Februari 2016 kwa idara 34, na tarehe 21 Aprili kwa nyingine 67. Watumishi wapatao 290,000 wakawa mikononi mwake.

Kilichofuata ni watu kulipwa pungufu, wengine kulipwa kupita kiasi kisha kudaiwa, na wengine kutolipwa kabisa. Kufikia Juni 2017 makosa ya malipo yaliyokuwa yanasubiri kurekebishwa yalizidi dola milioni 520. Mkaguzi Mkuu, Michael Ferguson, alipotoa ripoti yake mwaka 2018 alisema kushindwa huko katika usimamizi wa mradi na katika uangalizi wake hakueleweki kabisa. Kwa heshima zote, mimi naona kunaeleweka vizuri. Mradi wa mfumo ulihitaji wataalamu wazoefu waueleze, waujaribu na waukosoe, kwa kuwa malipo ya watumishi wale yalifuata kanuni zipatazo 80,000. Mradi wa watu ulihesabu wataalamu haohao kuwa akiba iliyokwisha kupatikana. Kila mmoja ulifanikiwa kwa kipimo chake, hadi siku mfumo ulipowashwa, wala hakukuwa na mtu aliyekuwa akiishikilia mipango yote miwili mkononi mwenye mamlaka ya kusema wa pili usubiri.

Sheria zetu, tukizisoma vizuri, zinatupa nafasi ya kuliepuka hilo. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu, aeleze hatua za kuepuka au kupunguza upunguzaji huo, namna ya kuwachagua watakaoondoka na muda wake, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Waajiri wengi huuona ushauriano huo kuwa usumbufu wa kisheria wa kumalizwa haraka. Lakini ni humo ndimo ambamo mtu wa ghala au wa mishahara angeweza kuuliza, mbele ya mashahidi, ni nani atakayeujaribu mfumo mpya akishaondoka yeye. Vyama vya wafanyakazi navyo vina lawama hapa: hufika vikao hivyo vikibishana juu ya kiwango cha malipo tu, bila kuulizia kalenda ya miradi ya TEHAMA, ambayo ndiyo huonyesha kama sababu iliyotajwa ni ya kweli na kama muda uliochaguliwa una maana.

Dawa inayotolewa mara nyingi mambo yakichelewa ni kuongeza watu wa mkataba wa muda mfupi. Fred Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) wa IBM, katika miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu ambao umeshachelewa huuchelewesha zaidi. Sababu zake hazijachuja. Mgeni hufundishwa na mwenyeji, na mwenyeji ndiye yule aliyekwisha kuelemewa. Kisha njia za mawasiliano huongezeka kuliko watu wanavyoongezeka, kwani timu ya watu watano ina jozi 10 za wanaopaswa kuelewana, na ya watu kumi ina jozi 45. Sisemi wataalamu wa mkataba hawafai. Wanafaa sana wakiletwa miezi kadhaa kabla, wakapewa kazi za kawaida za kila siku ili mwenyeji ndiye aachiwe aingie katika mradi. Sisi hufanya kinyume: mgeni hupewa mradi, mwenyeji hubaki na kazi za kila siku pamoja na jukumu la kujibu maswali ya mgeni.

Kuhusu ripoti zinazofika kwenye bodi zikionyesha hali ya kila mradi kwa rangi ya kijani, njano au nyekundu nitasema kwa kifupi. Rangi hizo hupimwa mradi kwa mradi, na mradi waweza kuwa kijani kwa sababu tu wiki hiyo umemnyang'anya mwenzake mtaalamu. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia wateja wake wapatao milioni 5.2 kwenye mfumo mpya mwezi Aprili 2018, baada ya hatua za majaribio zilizopaswa kufuatana kupangwa zifanyike sambamba ili tarehe itimie. Wateja wanaofikia milioni 1.9 walishindwa kuingia katika akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Bodi yake haikukosa ripoti za kusoma.

Ninachopendekeza si kigumu wala hakihitaji kununua programu nyingine, ingawa najua wauzaji watajitokeza. Kampuni yenye miradi zaidi ya mitatu iwe na orodha moja ya watu, si ya miradi, ikionyesha kwa kila mfanyakazi anayetegemewa kazi yake ya kawaida na saa alizoombwa na kila mradi kwa miezi sita ijayo. Miradi ya mifumo na miradi ya watu iingizwe humo pamoja, hata ile ya siri, na yule anayeitunza orodha aape kutunza siri kama wanavyoapa wengine. Jumla ya mtu ikizidi saa zake za kisheria, mradi mmoja unasimama, na wa kuamua ni upi usimame awe mkurugenzi mtendaji mwenyewe kwa maandishi, asimwachie meneja mradi akabembelezane na wenzake koridoni. Miradi yenye tarehe iliyowekwa na mamlaka itangulie; hiyo haina mjadala, na ndiyo maana ile ya hiari haina budi kungoja. Na mfumo unapobadilishwa, nafasi za wanaoujua mfumo wa zamani zisifutwe mpaka mfumo mpya umelipa mishahara, au umefunga hesabu, kwa vipindi kadhaa mfululizo sambamba na ule wa zamani, na matokeo yakalingana hadi senti ya mwisho.

Makampuni madogo yatasema hayana mtu wa kutunza orodha kama hiyo. Kwa kampuni ya watu ishirini inatosha karatasi moja na nusu saa ya Jumatatu asubuhi.

Kwa mashirika ya umma, Msajili wa Hazina anaweza kulifanya jambo hili lianze kesho. Mashirika humpelekea mipango na bajeti zao; aongeze swali moja, la majina au walau vyeo vya watu watakaotekeleza kila mradi, kisha ofisi yake itazame ni cheo gani kimejirudia katika miradi mingapi. Benki Kuu ingeweza kuyauliza mabenki vivyo hivyo kabla hayajabadili mifumo mikuu ya akaunti za wateja, na iyaulize pia kama katika miezi hiyo kuna wafanyakazi wanaopangiwa kuondoka.

Wako,

Msimamizi wa miradi ya TEHAMA,
Dar es Salaam.
(Jina na anwani vimehifadhiwa)